Ndoo ya Bibi Nyangeta

Konokono wa chuma walikuwa arobaini, na kazi yao ilikuwa moja tu: kulamba kioo. Walipanda na kushuka kwenye kuta za tangi la Nyumba ya Furu, jijini Mwanza, kila mmoja na taa ndogo ya zambarau tumboni. Popote taa hiyo ilipopita, hakuna kijidudu kilichobaki hai. Aliyewaongoza aliitwa Pima, akili unde iliyosoma maji mara sitini kwa dakika, ikapima joto, hewa na uasidi, kisha ikatoa taarifa kwa sauti ya mtu aliyelala usingizi wa kutosha. Wageni walipoambiwa kwamba maji yale yalikuwa safi kuliko waliyokunywa nyumbani kwao, walipiga makofi.

Siku ya tisa tangu samaki waingie, saa nne asubuhi, Pima ilitangaza kwa sauti ileile kwamba amonia imefika miligramu moja nukta mbili kwa kila lita, na kwamba mambo mengine yote yako sawa.

Mhandisi Minza Lugembe aliiacha chai yake mezani. Amonia ilipaswa kuwa sifuri. Alisogea kwenye kioo akawaona samaki wamejazana juu, midomo yao ikigusa hewa, matamvua yakipanda na kushuka haraka haraka. Walikuwa furu mia mbili na arobaini, wadogo, urefu wa kidole cha kati, mikia myekundu. Zamani ziwa lilijaa furu wa kila namna. Wa aina hii walikuwa hawajaonekana ziwani kwa miaka arobaini, na hawa waliomo tangini ndio waliobaki duniani, ukiwatoa watatu tu.

Kilichomtia Minza hofu zaidi ni wale majike thelathini waliofumba midomo. Mama furu hulea mayai yake kinywani, na makinda pia, mpaka waweze kujitegemea. Lakini akidhikika huyatema, na yakitemwa mapema hayaishi.

Alifanya alilojua. Aliamuru samaki wasilishwe kwa siku mbili, maana chakula kingi huzidisha sumu. Aliamuru maji yabadilishwe, lakini mtambo wa kusafisha maji ya ziwa ulitoa lita elfu moja kwa siku, na tangi lilikuwa la lita elfu nane. Kipimo kilishuka kidogo mchana, asubuhi kikarudi palepale. Ndipo alipovuta kiti, akakaa mbele ya Pima kama mtu anayetaka kusikia ukweli hata kama hautampendeza.

"Hakuna uchafu humu," alisema. "Hiyo amonia inatoka wapi?"

"Kwa samaki wenyewe," Pima ilijibu. "Wanaitoa kwenye matamvua na kwenye kinyesi."

"Na kule ziwani nani anaiondoa?"

"Bakteria. Kundi la kwanza huila amonia na kutoa sumu nyingine. Kundi la pili huila hiyo sumu na kutoa kitu kisichodhuru sana, ambacho mimea hukitumia."

"Na hapa?"

"Hapa hawapo. Nimewaua wote, kama nilivyoagizwa."

Aliyeagiza ni Minza. Hakuwa peke yake katika kosa hilo, mji mzima ulifikiri hivyo. Tangu kipindupindu kikubwa cha miaka thelathini na kitu iliyopita, maji yote ya Mwanza yalipitishwa kwenye taa za zambarau, masufuria yaliogeshwa kwa taa, hata watoto walifundishwa kunyoosha viganja chini ya taa kabla ya kula. Mji ulipona, na watu walikuwa na haki ya kushukuru. Ila sasa, alipouliza ni wapi atapata bakteria wazuri walio hai, maabara zilimwambia asubiri wiki tano. Matope ya ziwani hayakufaa, kwani bado yalibeba ugonjwa uliowamaliza furu wa ziwani.

Wiki tano. Furu wasingefika hata wiki mbili.

Hapo ndipo akaikumbuka ndoo.

Samaki hao walitoka kwa Bibi Nyangeta wa Igoma, mjane aliyewafuga chumbani kwake tangu ziwa lilipoanza kuugua. Siku ya kuwakabidhi aliongeza ndoo ya bluu yenye sponji jeusi, zito, linalonuka tope, akasema tu, "Mtaanza na hili." Minza alipokea kwa mikono miwili. Kisha akafanya kama alivyolelewa na mama yake, kwamba chombo cha mtu hakirudishwi kichafu, wala hakirudishwi kitupu. Ndoo aliisugua ikang'aa, akatia kilo mbili za sukari, akamrudishia mwenyewe. Sponji aliliosha mara tano kwa dawa ya kuulia vijidudu mpaka likawa la njano, ndipo akalipachika kwenye kichungio cha tangi. Siku hiyo alijiona mtu mwenye adabu kupita kiasi.

Alipanda gari la waya linalopita juu ya vilima vya mawe, akashuka Igoma, akabisha hodi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Samaki hawajambo?"

Minza alisimama mlangoni akaeleza yote, amonia, midomo iliyofumbwa, na mwisho sponji. Bibi alimsikiliza bila kupepesa.

"Uliliosha?"

"Niliosha, bibi. Mara tano. Kwa dawa."

Bibi Nyangeta akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya khanga. "Ule weusi ndio wadudu wenyewe," alisema. "Ndio waliokuwa wakiwasafishia hao samaki miaka yote. Kosa ni langu. Ningekwambia. Nimezoea kuishi na watu wasiouliza."

Alimwingiza ndani. Minza alikwisha kufika humo mara moja, lakini leo ndipo alipotazama vizuri. Viti vinne vya wageni vilikuwa bado na nailoni ya dukani, na nailoni yenyewe ilikuwa imegeuka rangi kwa uzee. Bibi alifuata macho yake akasema bila kinyongo kwamba mabwana afya walimjia mara tatu, na mara zote aliwaficha samaki chini ya kitanda. Majirani waliacha kula kwake. Mwanawe alihama na mkewe, na wajukuu wakija huja na chakula chao kwenye kopo.

"Miaka thelathini na mmoja naitwa mchafu," alisema. "Jina limezoeleka tu. Lakini kama ningesugua, hawa wangekufa."

Minza aliona aibu iliyomchoma mpaka masikioni. Siku ile ya kwanza bibi alimkaribisha chai, naye akasema amefunga. Hakuwa amefunga. Aliliona tope kwenye ndoo, akakiogopa kikombe.

Kwenye kona kulikuwa na tangi dogo lenye furu watatu, wazee, waliofifia rangi. Hao ndio bibi aliobaki nao ili nyumba isiwe kimya. Ndani yake kulikuwa na sponji jingine, jeusi kama la kwanza. Bibi alikunja mkono wa gauni, akalitoa polepole, akaliweka kwenye ndoo ya bluu pamoja na maji yake.

"Wachukue na hawa," alisema. "Bila hili hawamalizi wiki."

"Bibi, utabaki na nini?"

"Nilikuwa nawangoja watu kama nyinyi waje. Mmekuja. Nenda, mwanangu, lisije likakauka."

Minza alipiga magoti akaishika mikono yake iliyolowa, na safari hii hakujifuta viganja kama siku ya ndoo.

Kule Nyumba ya Furu, sponji lilipoingia majini, konokono walisogea mara moja, taa zao zikiwaka.

"Kitu hiki kina mabilioni ya viumbe hai," Pima ilisema. "Niwaue?"

"Usiwaguse. Zima taa zote, za konokono na za kichungio."

"Niandike sababu gani?"

"Andika kwamba ni wageni wa Bibi Nyangeta."

Siku mbili za kwanza kipimo kilizidi kupanda, na majike watatu walitema mayai. Minza aliyaona yakielea, akalia waziwazi mbele ya wafanyakazi wenzake. Siku ya nne kilisimama. Siku ya sita kikaanza kushuka, ile sumu ya pili ikapanda kidogo na kushuka nayo, na siku ya kumi na moja Pima ikatangaza sifuri. Mmoja wa furu wazee hakuiona siku hiyo. Lakini ilipotimia wiki ya tatu, jike mmoja alisogea karibu na kioo, akafungua mdomo, na makinda wakatoka waking'aa, wakatawanyika, kisha wakashtuka wote pamoja na kurudi kinywani.

Wiki iliyofuata Minza alipanda tena gari la waya, ndoo ya bluu mapajani. Abiria wa kando yake alihamia kiti kingine kwa sababu ya harufu. Minza hakumlaumu.

Bibi Nyangeta alichungulia ndoo. Kulikuwa na nusu ya sponji, nyeusi, imeiva. Kulikuwa na wale wazee wawili, na makinda tisa. Alipitisha kidole ukutani mwa ndoo, kikatoka na ute mweusi, akakitazama kwa muda mrefu.

"Hukuiosha," alisema.

"Sikuiosha, bibi."

Bibi aliwahamishia wote tangini, akapachika sponji mahali pake, akakaa akisikiliza maji yakianza tena kububujika. Kisha alinawa, akaleta birika na muhogo wa kuchemsha. Minza alibandua nailoni kwenye kiti kimoja, akakaa, akanyoosha mkono kupokea kikombe.

"Leo hujafunga?" bibi aliuliza.

Minza alikishika kikombe kwa mikono miwili. "Hata siku ile sikuwa nimefunga, bibi."

"Najua," alisema Bibi Nyangeta, akammiminia chai mpaka juu.