Kwa Nini Sinki la Mama Umi Lilikawia

Saa moja kasoro robo, Jumatatu asubuhi, yai lilibiringika juu ya kaunta. Lilitoka upande wa wateja, likapita kando ya chupa ya chai, likaelekea nyuma kwenye jiko. Khadija alilidaka kabla halijaanguka.

"Mayai ya hapa Shianda yana miguu," alisema.

Mume wake, Ayub, alikuwa akikata nyanya. Alicheka. "Ya Matungu yalikuwa na adabu."

Khadija na Ayub, wazazi wa Umi, wanauza chakula ndani ya karavani. Ni chumba kidogo cha bati chenye magurudumu mawili. Ndani kuna jiko la gesi, kaunta, na masinki mawili. Moja ni la kunawia mikono, la pili ni la kuoshea vyombo. Mwanzoni waliuzia nyumbani kwao, Matungu. Mwezi uliopita jirani yao Osiako, dereva wa trekta la miwa, aliivuta karavani hadi soko la Shianda. Wateja ni wengi hapo. Obusuma na ingokho ya Khadija, yaani ugali na kuku, haikulala hata siku moja.

Shida ilikuwa sinki la vyombo. Maji yalishuka polepole sana. Khadija alichoka kungoja. Akaanza kuoshea vyombo kwenye karai na kumwaga maji nyuma ya karavani. Hapo pakawa na tope. Penye tope la jikoni, nzi hawakosi.

Wiki iliyopita afisa wa afya ya umma, Jescah Mukhwana, alipita sokoni. Alitazama sinki. Alitazama tope. Hakupaza sauti.

"Mama, chakula chako kinasifiwa," alisema. "Lakini nzi akitoka kwenye maji haya akatua kwenye sahani, watu wataharisha. Nitarudi Alhamisi ya wiki ijayo. Nikikuta hali ni hii, nitaifunga karavani."

Karavani ndiyo kazi yao. Hawana nyingine.

"Hilo sinki nililizibua mara mbili," Ayub alisema sasa, akiweka kisu chini. "Nilisukuma kwa kile kipira chenye mpini. Likafanya kazi siku moja, likarudi vile vile."

Trekta lilinguruma nje. Osiako alishuka akiwa na kopo mkononi.

"Mulembe, Mama Umi! Baba Umi, nimekuletea mwisho wa maneno. Hii ni dawa ya kuzibua mabomba. Inakulanga kila kitu."

"Kila kitu?" Khadija aliuliza.

"Kila kitu. Hata uvivu wa bwana yako."

Ayub alifungua kopo. Wakati huo huo alifika Maximilla Nanjala. Maximilla hufundisha kazi ya mabomba katika chuo cha ufundi. Kila asubuhi hunywa chai hapo kabla ya kwenda darasani. Aliona kopo.

"Asalaam aleikum, Ayub. Umeshaimwaga?"

"Waleikum salaam, Mwalimu. Bado."

"Basi bado una bahati ya macho mawili. Ifunge."

"Lakini Mwalimu, Osiako anasema..."

"Dawa hii ni kali. Ukiimwaga kwenye bomba lisilopitisha maji, itakaa humo ndani. Kesho utafungua bomba, itakurukia usoni. Inachoma ngozi na inapofusha. Ifunge vizuri, uiweke mbali na watoto na mbali na chakula."

Ayub alifunga kopo. Osiako alilichukua, akalishika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa.

Maximilla alimwaga kikombe cha maji kwenye sinki. Alitazama maji yakisimama.

"Kule Matungu lilikuwa linakawia?"

"Hapana," Khadija alijibu. "Maji yalikuwa yanakimbia."

"Sinki ni lile lile?"

"Ndiyo."

"Na bomba?"

"Lile lile."

"Basi ni kitu gani kilichobadilika?"

"Hewa," alisema Osiako. "Hewa ya Shianda ni nzito."

Khadija alikuwa akilitazama yai mkononi mwake. Aliliweka kwenye kaunta, akaliachia. Likabiringika kwenda nyuma. Alilidaka tena.

"Mwalimu, kule Matungu mayai yalikuwa yanatulia."

Maximilla aliacha chai yake, akatoka nje, akainama. Chini ya gurudumu la upande wa wateja kulikuwa na matofali.

"Nani aliyaweka haya?"

"Ni mimi," alisema Ayub. "Hapa mvua inanyeshanga kila alasiri. Maji ya paa yalikuwa yanawaangukia wateja shingoni. Nikainua upande wa mbele ili maji yaende nyuma. Vibanda vyote hapa vinaezekwa hivyo, mbele juu, nyuma chini."

"Kwa paa ulifikiri vizuri. Sasa nionyeshe bomba la sinki. Linaanzia wapi?"

Ayub alionyesha kwa kidole. "Linashuka kutoka kwenye sinki, pale nyuma. Linapita chini ya sakafu. Linamwaga huku mbele, kwenye mtungi wa maji machafu."

"Na umeinua upande gani?"

Ayub aliyatazama matofali. Kisha akasema, "Mbele."

Osiako alipiga goti lake kwa kicheko. "Baba Umi! Umeyaambia maji yapande mlima!"

"Wewe uliniletea jeki ya kuinulia," Ayub alimkumbusha.

"Mimi ni wa jeki. Mambo ya maji ni yako."

Maximilla alieleza. Bomba la karavani ni jembamba, na mteremko wake ni mdogo. Karavani ikilala upande, mteremko huo unapotea. Maji yanabaki ndani ya bomba hata sinki likiwa tupu. Yakibaki, unga wa obusuma unatua chini. Mafuta ya kuku yanapoa na kuganda juu ya unga. Njia inazidi kuwa nyembamba.

"Ndiyo sababu kuzibua peke yake hakukusaidia," alisema. "Uliondoa uchafu, ukaacha kinachouleta."

Jioni hiyo, baada ya wateja kuondoka, walianza kazi. Kwanza Osiako aliweka mawe mbele na nyuma ya gurudumu lililo chini, ili karavani isisogee. Khadija alifunga gesi na kuondoa vyombo. Ayub aliinua upande wa wateja kwa jeki. Maximilla hakuruhusu mtu kuingia chini wakati karavani iko juu ya jeki. Matofali yalivutwa kwa fimbo ndefu, karavani ikashushwa.

Maximilla aliweka pima maji yake kwenye sakafu. Ni kipande cha chuma chenye kichupa cha maji, na ndani ya maji kuna povu moja. Povu likikaa katikati, mahali pamelala sawa. Povu lilisogea kidogo. Waliinua tena kwa jeki, wakaweka ubao mmoja chini ya gurudumu la nyuma. Povu likakaa katikati.

Kisha Ayub alivaa glavu, akaweka karai chini ya bomba, akafungua kiungo. Ulitoka utope mzito wa rangi ya kijivu.

"Ni uji wa mwezi jana," alisema Osiako. "Mama Umi, kumbe unawekanga akiba!"

"Nikupimie kikombe?"

Walisafisha bomba kwa waya laini uliofungwa kitambaa. Kisha wakapitisha maji ya moto yenye sabuni. Hayakuwa yanachemka, kwa sababu maji yanayochemka hulegeza bomba la plastiki. Ayub aliona sehemu iliyopinda chini kabisa ya sinki. Ilikuwa na maji.

"Na hapa pia maji yamebaki. Nipanyooshe?"

"Hapo usiguse," alisema Maximilla. "Maji ya hapo yana kazi. Yanazuia harufu isipande jikoni. Maji yakibaki kwenye kona hiyo ni sawa. Yakibaki kwenye bomba refu ni kosa."

Ayub alipokwisha kufunga kiungo, Khadija alifungua bomba la maji. Sinki lilijaa, kisha likamaliza maji yote kwa mkoromo mmoja. Alipiga kigelegele.

Ayub hakufurahi bado. "Na mvua? Kesho wateja watalowa."

"Shida ya paa itibiwe kwenye paa," alisema Maximilla.

Jumanne asubuhi Ayub alinunua bati jembamba. Alilikunja likawa mfereji, akaufunga kwenye ukingo wa mbele wa paa. Mwisho mmoja ulishuka kidogo juu ya pipa. Alasiri mvua ilinyesha. Osiako aliketi chini ya mfereji na sahani yake.

"Mimi ni mteja wa majaribio," alisema. Tone moja lilimwangukia shingoni. "Hapa! Fundi, hapa!"

Ayub alikaza msumari. Tone la pili halikuja.

Khadija naye alibadilisha kazi yake. Alikwangua ukoko wa sufuria kabla ya kuosha, akawapelekea kuku. Aliacha mafuta yagande kwenye mkebe, asiyamwage. Aliweka chujio juu ya tundu la sinki. Maji machafu ya mtungi sasa yalimwagwa kila jioni kwenye shimo lililojazwa mawe, mbali na kisima. Nyuma ya karavani tope lilianza kukauka.

Alhamisi saa nne asubuhi Jescah Mukhwana alifika, akawakuta Khadija, Ayub na Osiako. Alizunguka nyuma, akakanyaga ardhi kwa kiatu. Ilikuwa kavu. Aliingia, akalijaza sinki, akaliachia. Maji yakaisha. Alilijaza tena, akaliachia tena. Maji yakaisha.

Ayub alimweleza habari ya matofali. "Nani alijua kwamba karavani ilikuwa imelala upande?" Jescah aliuliza.

"Huyu," alisema Khadija, akachukua yai.

Aliliweka kwenye kaunta. Wote wanne walilitazama. Yai lilikaa pale pale.

"Sitafunga," alisema Jescah, akavuta kiti. "Nikaangie hilo."

Khadija alilivunja kwenye kikaango.