Honi Mbili Getini kwa Ngeleka

Saa nne na nusu asubuhi

Mwenze alimwaga nati mezani, akaanza kuzipanga kwa kidole. Nati kubwa ilikuwa duka. Ndogo ilikuwa geti. Boliti ndefu ilikuwa barabara ya Fungurume, na kipande cha waya juu yake kilikuwa bariere, kizuizi cha vijana wa fimbo.

Walikuwa watatu, katika chumba cha nyuma cha kinu cha mahindi, huko Manika, Kolwezi. Mashine ilisaga upande wa pili wa ukuta, na kelele zake ndizo walizozifuata, zifunike sauti zao. Unga uliwaangukia nyweleni. Hakuna aliyejisumbua kuupangusa.

"Saa saba juste," Mwenze akasema. "Bavijana bote beko ku mitingi. Barabara inabakia bule, hakuna mutu. Tunaingia na ufunguo ya Mukuna, tunapakia pampu, tunatoka. Dakika makumi tatu. Nani anaogopa?"

Mukuna alikuwa anaogopa. Aliogopa tangu alfajiri, aliogopa jana na juzi, mpaka alishasahau mate yana ladha gani. 

Sasa msidhani hawa ni majambazi wa kuzaliwa. Mwenze alikuwa meneja wa duka la Kasaji. Kabemba alikuwa fundi wa injini, yule anayelijaribu gari barabarani baada ya matengenezo. Mukuna alitunza stoo ya Kolwezi miaka kumi na minne. Wote watatu walilishwa na mkono mmoja, wa tata Ngeleka, mzee wao. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe mzee ndiye aliyewanunulia.

Ngeleka alitoka Kasai mwaka hamsini na nne, na jeki moja na sanduku la spana. Alianza kwa kulala chini ya malori ya watu kando ya barabara. Mwaka sitini na tatu akafungua duka la kwanza la vipuri, na gereji nyuma yake. Akaenda Fungurume. Akaenda Kasaji, pembeni ya reli. Akaenda Kisenge, ambako malori ya madini ya manganizi yalikula breki kama watu wanavyokula bukari, ugali wa huko. Milango yote aliipaka buluu. Rafu zote alizipa namba zilezile, beringi daima namba saba, ili mtu wa Kasaji akihamishiwa Kisenge azipate hata taa ikizimwa. Vita vya sabini na nane vilimwacha na kuta tupu, akaanza upya. Waporaji wa tisini na moja wakaondoka hata na vitasa, akaanza tena upya.

Ukaja mwaka huu wa tisini na tatu, mwaka wa fukuzafukuza. Watu wa Kasai warudi kwao, ilisemwa mikutanoni, hata wale ambao babu zao wamezikwa hapahapa. Wakaitwa bilulu, yaani wadudu, na vijana wa fimbo wakawasaka barabarani. Duka la Kasaji likachomwa. La Kisenge, msimamizi akafuta jina la mzee na kuandika lake. La Fungurume likafungwa. Lilibaki la Kolwezi, nalo milango imefungwa, na Ngeleka mwenyewe alionekana Jumanne akienda stesheni na godoro kichwani, kungoja treni pamoja na maelfu.

"Bitu bya muzee bataiba tu," Mwenze akasema. "Kama si shiye, ni bale ba fimbo. Afazali shiye, tulitumika pale."

"Mi sifuate pampu," Mukuna akasema. "Mi nafuata bibi yangu."

"Najua."

"Unaniapia tena?"

"Nitaapa mara ngapi, Mukuna? Bibi yako atapanda mu kamiyo."

Mbelu, mke wa Mukuna, alikuwa mtu wa Kasai; Mukuna mwenyewe alikuwa mwenyeji wa hapa. Siku ya kumi na tisa hiyo alikuwa amejificha katika banda la kuni la masista. Kwenye treni hakupata nafasi. Nyumba yao ilishawekewa alama ya mkaa mlangoni. Mwenze alihitaji mtu anayejua pampu nzima ziko rafu gani na mbovu ziko wapi. Mukuna alihitaji kamiyo, lori la kumtoa mkewe mjini. Hivyo ndivyo mwanamume asiyewahi kuiba hata nati alivyogeuka mwizi.

Saa saba kamili

Ufunguo uliingia bila kelele. Ndani kulikuwa na giza la mchana, lile la madirisha yaliyofungwa, na harufu ya grisi. Lori la mwisho la mzee lilikuwa uani, Kabemba alikuwa amemaliza kulitengeneza wiki mbili nyuma.

"Pampu za dizeli kwanza," Mwenze akanong'ona. Bastola ilikuwa kiunoni, mpini nje, kila mtu auone.

Mukuna alitembea gizani bila kupapasa. Rafu ya tatu, pampu. Ya saba, beringi. Ya tisa, vikombe vya breki. Alipakia, na kila sanduku lilipogusa ubao wa lori alihisi mji mzima umesikia. Matairi aliyaweka mwisho, akayapanga mawili mawili, na katikati akaacha nafasi ya mtu mmoja kujikunja.

Saa saba na robo

Alirudi ndani kuchukua turubai. Ndipo akauona mlango wa chumba cha betri.

Kufuli lilikuwa linaning'inia wazi. Yeye Mukuna ndiye aliyelifunga siku ya mwisho ya kazi. Akasogea. Kwa chini, penye ufa, kulikuwa na kivuli cha miguu, na ugoro ulinukia pale, ugoro ule aliousikia kila asubuhi kwa miaka kumi na minne.

Mzee alikuwa amerudi kutoka stesheni. Alikuwa mle ndani, amesimama, anawasikiliza watu wake wakimwibia.

"Unaona nini kule?" Mwenze akauliza kutoka uani.

"Turubai," Mukuna akasema.

"Leta mbio."

Akalichukua. Mlango hakuugusa, jina hakulitaja. Kaa kimya, tata, aliomba moyoni, dakika kumi tu, tutaondoka na hawatajua uko hapa. Nakwambia ukweli, katika siku ile nzima hilo ndilo jambo moja jema alilolifanya, nalo halikudumu.

Saa saba na dakika ishirini na tano

Lori liliwaka. Mukuna alikuwa juu, ameshika turubai. Mwenze alikuwa ndani, kando ya dereva. Mbele kulikuwa na geti, na nje barabara tupu.

Kabemba akalifikisha getini. Akasimama. Akapiga honi mara mbili, akaondoa mikono kwenye usukani, akangoja.

Hakuna mwizi mwingine duniani ambaye angefanya hivyo. Lakini katika gereji ya Ngeleka, tangu sitini na tatu, gari lililotengenezwa halikutoka kabla mzee hajalisikiliza. Fundi anasimama getini, anapiga honi mbili, mzee anakuja, anaweka sikio juu ya boneti, anasema "Enda". Kabemba alikuwa amefanya hivyo maisha yake yote ya kazi. Mkono ulikwenda wenyewe.

"Unafanya nini weye?" Mwenze akasema.

Kabemba aliutazama mkono wake. 

Na mlango wa chumba cha betri ukafunguka. Tata Ngeleka alitoka, pekupeku, shati limechomoka, akitembea mwendo wake uleule wa kila siku, kichwa kimeinama upande mmoja. Alijificha vizuri muda wote ule na asingetolewa hata kwa moto, lakini honi mbili zilimtoa. Akaweka sikio juu ya boneti.

"Ya tatu inakohoa," akasema. "Kabemba, uliangalia injekta ya tatu?"

Kisha akainua kichwa, akaiona bastola, na uso wake ukazeeka palepale. Aliwatazama mmoja mmoja. Alipofika kwa Mukuna aliacha kutazama.

Mwenze aliielekeza bastola kwake. Kisha akaishusha polepole, na mdomo wake ukalegea kidogo, kama wa mtu aliyeokota kitu njiani.

"Mupandishe," akasema. "Aende na shiye."

Mukuna alimshika mzee mikono akamvuta juu, na moyo ukamruka kwa shukrani. Hawatamuua. Wanamchukua. Mungu ni mkubwa.

Saa nane kasoro dakika ishirini

Nyuma ya ukuta wa masista lori halikusimama kabisa, lilipunguza mwendo tu. Mbelu alitoka katikati ya kuni na furushi mgongoni. Alikuwa amekonda, macho yamejaa uso. Mukuna alimwinua, akamwingiza kati ya matairi.

Mbelu akamwona mzee. "Tata," akasema, akapiga goti moja juu ya masanduku, lori likiyumba.

Hakuwa akimwita tata, yaani baba, kwa heshima tu. Mbelu alikuja Kolwezi hana ndugu. Mukuna alipotaka kumwoa, ni Ngeleka aliyekaa kwenye kiti cha baba, akapokea mbuzi, akauliza maswali ambayo baba huuliza. Siku ile alimwambia Mukuna: ukishindwa naye, mrudishe kwangu, usimtupe njiani.

"Lala, mwana," mzee akasema. "Usiinue kichwa."

Walikwenda hivyo chini ya turubai. Mukuna alihesabu kona. Kila sauti ya mtu ilipokaribia alilivuta turubai chini zaidi.

Saa nane na dakika tano

Lori likasimama kwenye bariere. Sauti nyingi, za vijana. Fimbo zikigonga chuma. Si wote waliokwenda mkutanoni.

Mukuna alimsikia Mwenze akishuka, akisalimu, akicheka na mtu. Walikuwa wanajuana. Nyayo zikaja nyuma. Turubai likainuka kiasi cha kiganja, na jicho la Mwenze likawa pale.

"Mukuna. Nilibaahidi kilulu mumoja tangu asubuhi. Ile njo bei ya kupita, habatafungua bitu. Kule kuko babili. Leta mumoja."

"Tangu asubuhi?"

"Usiniulize maneno mingi. Chagua mbio. Bakipanda bao benyewe, batapata bote."

Turubai likashuka.

Asubuhi. Asubuhi Ngeleka hakuwemo kwenye mpango. Asubuhi, juu ya ile meza ya nati, mtu wa Kasai aliyetajwa alikuwa mmoja, na Mukuna mwenyewe ndiye aliyemtaja, ndiye aliyeomba apandishwe.  

 Mbelu alikuwa amesikia. Mzee alikuwa amesikia. Nje mtu alipiga mluzi, mwingine akaparamia gurudumu.

Mukuna akamshika mzee mkono.

Akamvuta. Mzee hakuwa hata amejitikisa kuinuka.

"Pole pole," Ngeleka akasema. "Mugongo."

Akajiinua mwenyewe, akajipangusa vumbi magotini. Aliinamia matairi, akanong'ona chini kabisa: "Mwana, usikohoe." Kisha akashuka, mguu mmoja, halafu wa pili, akimwegemea Mukuna begani kama mtu anayeshuka ngazi za kanisa.

"Beko bengine?" mkubwa wa bariere akauliza.

"Bengine balipanda treni," Ngeleka akasema. "Nilibakia mi peke yangu."

Mkubwa wa bariere akamgeukia Mukuna. "Ni kweli?"

"Ni kweli," Mukuna akasema.

Wakampeleka nyuma ya kibanda cha nyasi. Fimbo ya kwanza ilisikika kabla Kabemba hajatia gia. Kabemba alikuwa analia, machozi yakidondoka kwenye usukani, lakini gia aliitia. Waya ukainuliwa. Wakapita.

Saa kumi na moja kasoro robo

Njia nzima Mbelu hakutoka kati ya matairi. Karibu na Fungurume ndipo sauti yake ilipokuja, kavu.

"Ulimushika mukono yeye hajasimama."

"Ilikuwa weye ao yeye."

"Haukuniuliza."

"Ningekuuliza nini, Mbelu? Ungesema ushuke."

"Eee," akasema. "Ningesema vile."

Mukuna alitaka kusema jambo. Alikuwa na maneno mengi, kwamba alikuwa na hofu, kwamba Mwenze aliwauza, kwamba chumba cha betri alikiona na akanyamaza. Yote yalikuwa kweli. Hakuna hata moja lililofaa kusemwa.

Kwenye kona ya soko la Fungurume Mwenze aliwashusha. Akamtupia Mukuna pampu moja ndani ya sanduku lake, ndiyo fungu lake la wizi. Iliangukia miguuni pake, na Mukuna hakuiinua. Lori likaenda zake, injekta ya tatu ikikohoa.

Uwanja wa misioni ulikuwa umejaa watu wa Kasai. Masufuria, magodoro, watoto wanaolia, na wazee walioketi juu ya viti vilivyokuwa vya sebuleni. Mukuna alibeba furushi. Mbelu alitembea mbele, hakumkataza kufuata, wala hakugeuka.

Kwenye meza ya mlangoni alikaa mama wa misioni, mnene, mchovu, na daftari la majina.

"Jina, mama?"

"Mbelu."

"Wa kwetu, karibu. Na huyu? Ni bwana yako?"

Mukuna alingoja. Alikuwa ameiba kwa ajili ya mwanamke huyu, na alikuwa amefanya jambo baya kuliko kuiba. Mbelu alichukua furushi kutoka mikononi mwake, akaliweka kichwani, akalisawazisha.

"Hapana," akasema. "Ni mutu wa kamiyo. Alinisaidia kubeba."

"Aksanti, tata," mama wa misioni akamwambia Mukuna kwa upole. "Mungu akubariki. Wewe unaweza kurudi kwako."