Nafasi Tupu katika Daftari la Babu

Kila alasiri, akitoka shule, Sumaiya hukaa kwenye baraza ya kwao Malindi akalifungua daftari la babu yake. Marehemu Mzee Msabah alikuwa baharia wa meli kubwa. Upande wa kushoto aliandika maneno ya Kihispania, na wa kulia Kiingereza chake. Zamani babu akisema "¿Cómo estás?", yaani hujambo, Sumaiya alikuwa akimrudishia Kiingereza upesi, na mzee akicheka mpaka akaivua kofia. Jamani, alivyomkumbuka! Hata daftari lilikuwa bado linanukia karafuu za mfukoni mwake.

Siku moja Matar, jirani yao anayetembeza watalii, alimleta mama mmoja Mhispania asiyejua Kiingereza. Matar alikuwa amesikia kwa Sumaiya mwenyewe kwamba yeye ni mkalimani wa Kihispania, maana alikwishajitangaza mtaa mzima. Bibi yake Sumaiya, Bi Radhiya, akatoa kahawa na kashata za njugu.

Mgeni alishukuru, na Sumaiya akafasiri kwa Kiswahili, kifua mbele. Kisha mgeni akatikisa kichwa. "No puedo comer cacahuetes."

Hawezi kula... Neno la mwisho Sumaiya hakulijua. Lakini aseme hajui mbele ya Matar? Akabuni kwamba mgeni ameshiba.

Lo! Kwa Bi Radhiya, mgeni husema ameshiba kwa haya tu, na dawa yake ni kubembelezwa. Akamega kashata, akamtia mkononi, akamhimiza ale. Mgeni akaishika kwa adabu, uso umemsawijika.

Sumaiya aliuona uso ule, akaingiwa na hofu. Akakumbuka kwamba neno asilolijua, babu aliliachia nafasi tupu, hata kwa miaka.

"Bibi, usimlishe," alisema. "Sikulijua lile neno. Nimebuni."

Akafungua ukurasa wa vyakula. Neno lilikuwapo kwa mwandiko wa babu, na upande wa kulia mtupu. Mgeni alipoonyeshwa, aligusa njugu ndani ya kashata, kisha akajishika koo kama mtu anayekabwa.

Matar akaiondoa kashata haraka. "Peanuts, yaani njugu," alisema. "Wapo watu zinawadhuru, hata kuwaua."

Sumaiya akalia. Bi Radhiya alimfuta machozi kwa pindo la kanga yake.

"Ungesema hujui, tungeuliza, basi," alimwambia. "Umeona haya ya kutojua, ukamwekea mgeni maneno yasiyo yake, na karibu tumdhuru barazani kwetu. Babu yako alizunguka dunia na daftari lenye mapengo, mjukuu wangu, na watu walimwamini kwa hayo."

Akampa kalamu. Kwa mwandiko wake wa shule, Sumaiya akaijaza nafasi aliyoiacha babu.