Damu Iliyokataa Kushuka

Damu ya mtoto anayewaka ndani haina subira. Ukiisimamisha kwenye mrija mwembamba wa kioo, chembe nyekundu huzama mbiombio na kuacha maji ya njano juu. Mpimaji wa maabara ya hospitali ile alilijua hilo kama njia ya kwenda kwake. Ndiyo maana mama huyo alishikwa na butwaa alipoutazama mrija wa mwanawe. Saa nzima ilikuwa imepita, na damu haikuwa imeshuka hata kidogo.

Mwanawe alikuwa amelazwa wodini, ghorofa ya juu, homa haimwachi, macho mekundu, midomo imepasuka. Daktari wa watoto alishuku ugonjwa wa Kawasaki, ule unaoharibu mishipa ya moyo usipowahiwa, lakini alikuwa mbishi, mtu wa kutaka ushahidi.

"Dawa ninayo," alimwambia. "Ila damu iseme kwanza. Niletee alama za uvimbe, nitamtundikia sasa hivi."

Mama akarudia kipimo. Damu ikasimama vilevile. Mashine ya kupima protini ya uvimbe nayo ikatoa sifuri, kana kwamba mtoto yuko uani anacheza mpira. Damu ya wagonjwa wengine ilishuka kama kawaida. Ndipo harufu ya damu iliyooza ikapanda kutoka kwenye sinki, na ndani ya bomba kitu kikajilamba.

"Umesikia?" akamnong'oneza mkuu wa maabara.

Mkuu alifunga mlango kwanza. "Nasikia tangu tulipoacha kumwaga."

"Kumwaga nini?"

"Usijifanye mgeni, dada. Miaka yote mabaki ya damu tulikuwa tunayamwaga hapo, tena tunapiga soga. Ikaja amri yote yachomwe, tukatii. Na yule tuliyekuwa tunamlisha hatukumuaga."

"Jini?"

"Shusha sauti! Ana njaa. Sasa anakula alama za mwanao kabla wewe hujaziona."

"Anataka nini?"

"Muulize mwenyewe. Mimi nina watoto." Mwanamume mzima akatoka mbio, hata miwani akaisahau mezani.

Mama akabaki peke yake mchana kweupe, mashine zikinguruma. Akapiga moyo konde, akainama juu ya sinki, na pale kwenye tundu lenye giza, katikati ya uvundo uliomchoma macho, akaisikia sauti ya mwanawe, ileile inayomwamsha asubuhi kuomba chai, ikisema taratibu, "Mama, nina njaa, nipe yule wa kitanda cha jirani, nami nitamwachia wako, lakini ukimwambia mtu nitamrudia huyo wako," na kabla hajajua anafanya nini mkono wake ulikuwa umekwishachukua kichupa cha damu ya yule binti mdogo mwenye homa ileile na macho mekundu yaleyale, ambaye mama yake alikuwa amegawana blanketi na mpimaji wodini, ukakimimina chote.

Bomba likameza, likacheua.

Alipogeuka, damu ya mwanawe ilikuwa inashuka, na maji ya njano yalizidi kurefuka juu yake. Mashine ikatoa namba za kutisha. Alilia kwa furaha, na hakuona aibu. Daktari alitundika dawa siku hiyohiyo, homa ikakata.

Kichupa cha yule binti alisema kimemwagika. Ikaletwa damu nyingine, nayo ikasimama tuli kwenye mrija.

"Huyu hana kitu," daktari akasema. "Mafua tu. Aende nyumbani."

Mama wa binti alipita maabara kuaga, mzigo begani, uso umemchangamka. "Dada, tumeruhusiwa! Majibu yako yamenirudishia roho. Mungu akuzidishie." Akamsogeza mtoto mbele. "Msalimie shangazi. Mwambie asante."

"Asante, shangazi."

Kiganja kile kidogo kilikuwa cha moto kama sufuria, na ngozi ya ncha za vidole ilikuwa inabambuka, kipande kikabaki mkononi mwa mpimaji. Alijua maana yake: ni Kawasaki ileile, na moyo wa binti ulikuwa hatarini. Neno moja tu, "Rudini," lingetosha. Nyuma yake, bombani, kimya kilikuwa kinamsikiliza. Na ghorofani mwanawe alikuwa anacheka na manesi, sauti ikishuka mpaka kwenye ngazi.

"Nendeni salama," akasema, akawafungulia mlango.