Ile Kompyuta ya Njano

Nilikuwa chini ya draya, kichwa kimejaa rola, nilipomwona shemeji yangu akiingia saluni.

Ukiwa chini ya draya husikii kitu, unasikia upepo tu. Lakini macho yanafanya kazi. Nilimwona yule bwana akiegemea kaunta na kumnong'oneza mwenye saluni. Mwenye saluni akacheka mpaka akashika kiuno. Kisha akamshika mkono, akaugeuza, akakitazama kiganja na kutikisa kichwa kwa huruma. Akainama, akatoa mfuko mweusi chini ya kaunta, akampa. Shemeji akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akatoka.

Hakunitambua. Na rola zile, hata mama mzazi asingenitambua.

Nikachukua simu, nikamwandikia mdogo wangu.

"Fundi wako yuko wapi?"

"Karakanani. Kasema ana kazi nyingi wiki hii, nisiende. Kwani vipi, dada?"

"Kazi nyingi. Sawa. Nakuja ofisini kwako."

Mdogo wangu ni msanifu wa michoro. Lebo ya mafuta, boksi la majani ya chai, vitu hivyo unavyovitupa bila kuvitazama, kuna mtu amekesha anachagua rangi zake, na mtu huyo ni yeye. Kila asubuhi, kabla hata hajanywa chai, anaweka kwenye ukurasa wake mtandaoni kitu kimoja kilichomvutia: umbo la herufi kwenye risiti ya zamani, rangi ya kizibo, mchoro wa kitufe. Siku moja aliweka picha ya kompyuta ya kale, nene kama kabati la vyombo, akaandika na mwaka iliotengenezwa. Mtu mmoja akajibu pale chini: "Mwaka si huo. Tazama swichi ilipo."

Wakabishana siku tatu mbele ya watu elfu mbili. Siku ya nne mdogo wangu akaenda karakanani kwa huyo mjuaji kumwonyesha kwamba aliyekosea ni yeye. Akarudi jioni anacheka peke yake.

Hiyo ni miaka miwili sasa. Fundi anatengeneza kompyuta za kila aina, ila moyo wake uko kwa zile kongwe, amezipanga kwenye rafu kama wajukuu. Ni mtu mwema. Tatizo lake ni mdomo mzito. Katika miaka miwili hajalitamka neno ndoa hata kwa bahati mbaya, na mdogo wangu alikuwa ameanza kuchoka kusubiri, ingawa mbele ya mama alijifanya hana habari.

Basi nikaingia ofisini kwake kama upepo.

"Dada, mbona una rola kichwani?"

"Achana na kichwa changu. Kaa."

"Nimekaa."

"Fundi ana mwanamke."

Nilitegemea anibishie. Huyu anabisha hata kuhusu hali ya hewa. Badala yake aliweka kalamu mezani, taratibu.

"Mwenye saluni?" aliuliza.

"Umejuaje?"

"Juzi ujumbe uliingia kwenye simu yake, ilikuwa mezani. Nimeshaukariri. 'Njoo asubuhi kabla wateja hawajajaa. Nimekuwekea ile kali. Asijue mtu, hasa yeye.'"

"Yeye nani?"

"Dada!"

"Aa. Wewe."

"Na siku nne sasa hajanishika mkono. Nikinyoosha wangu, anauingiza wake mfukoni. Mimi nina nini, dada? Nanuka?"

"Na ukanyamaza tu!"

"Nilikuwa nasubiri Ijumaa."

Akanigeuzia kioo cha kompyuta. Kulikuwa na mchoro wa sabuni, karatasi yake ina rangi ambayo sijui niiiteje.

"Kampuni imeukubali," alisema. "Kazi yangu kubwa kuliko zote. Na rangi hii nimeitoa kwenye ile kompyuta yake ya njano. Ijumaa mpiga picha anakuja kuipiga sabuni ikiwa juu ya kompyuta yenyewe. Fundi hajui. Nilitaka kumshtukiza."

"Ile njano kama meno ya mvuta sigara?"

"Kama siagi iliyosahauliwa mezani. Hiyo ni plastiki iliyozeeka, dada. Hakuna kiwanda kinachotengeneza rangi ile. Ni miaka tu."

Akafunga kompyuta, akachukua mkoba.

"Twende. Nikimkuta naye, leo ndiyo mwisho. Na sitalia pale. Nitalia nyumbani."

Kufika karakanani, mlango umerudishwa tu. Kizingitini kuna viatu vya kike, vyekundu, vya kisigino. Mdogo wangu alivitazama, akavivuka. Mimi damu ilishachemka, nilikuwa natafuta kitu cha kushika.

Ndipo tukasikia sauti ya yule mwanamke ikitoka uani.

"Si hivyo! Ukipaka hivyo unaacha mabaka! Ungekuwa mfanyakazi wangu ningeshakufukuza!"

Tukatazamana. Tukaenda uani.

Jua lilikuwa kali, la saa saba. Katikati ya ua kulikuwa na meza, na juu ya meza kitu kikubwa kilichopakwa krimu nzito na kufungwa nailoni, upande mmoja umefunuliwa. Mwenye saluni amesimama pembeni na aproni yake, mikono kiunoni. Fundi amepiga magoti na brashi ya nywele mkononi.

"Shemeji!" akaruka.

"Usiniite shemeji! Hiki ni nini?"

"Dawa ya kuondoa rangi ya nywele," alijibu mwenye saluni. "Ile kali. Siku ya kwanza kaja kutaka chupa sita. Nikamwuliza, bwana, una nywele kiasi gani? Akaniambia si zangu, ni za kompyuta. Nilitaka kumpigia daktari." Kisha akanitazama vizuri. "Kumbe wewe ndiye uliyenikimbia na rola zangu kumi na nane!"

Mdogo wangu hakucheka.

"Nionyeshe mikono yako," alimwambia Fundi.

Fundi akasitasita, kisha akavua glavu. Ncha za vidole zilikuwa nyeupe, zinabanduka ngozi.

"Siku ya kwanza sikuvaa glavu. Ungeiona ungeuliza."

"Na kwa nini nisiulize?"

"Kwa sababu wewe ndiye uliyeitaka." Akatoa simu, akasoma, na wala hakuhitaji kutafuta, ilikuwa wazi pale pale. "'Ningetoa chochote kuiona hii kompyuta ilivyokuwa siku ile ilipotoka kwenye boksi lake.' Uliandika mwezi wa pili kwenye ukurasa wako, chini ya picha yake. Ukiipaka dawa, ukaifunga, ukaiweka juani, njano inatoka. Nilitaka iwe mpya, halafu iwe yako. Mimi siwezi kusema vitu mikono mitupu. Nilijiambia nikiwa na kitu cha kukupa, maneno yatakuja."

"Maneno gani?"

Masikio ya Fundi yakaiva. Mwenye saluni akashindwa kuvumilia.

"Sema, bwana! Nimefunga saluni kwa ajili yako!"

Lakini mdogo wangu alikuwa ameshaigeukia meza. Aliikunjua ile nailoni polepole, akachukua kitambaa, akafuta krimu upande mmoja. Akafuta upande wa pili.

Nyeupe pe.

Akakaa chini, hapo hapo kwenye saruji, na sketi yake ya kazini.

"Umeipenda?" aliuliza Fundi, maskini ya Mungu.

Nikamweleza mimi. Nikamwambia habari ya sabuni, kampuni, mpiga picha, siagi. Nilimwona mtu yule akinywea mbele yangu.

"Nimeifuta rangi yako," alisema.

"Hukujua."

"Nitakutafutia nyingine."

"Hakuna nyingine. Uliniambia mwenyewe kila moja huiva kivyake."

Hapo ndipo yale machozi yaliyowekewa akiba ya nyumbani yakatoka. Hakulia kwa hasira. Nadhani alilia kwa yote kwa mkupuo, kwa siku nne za kutoshikwa mkono na miaka miwili ya kusubiri, na rangi nayo. Mwenye saluni akajifanya anakusanya chupa. Mimi nilikuja na ugomvi wangu kamili, sasa sikujua niutue wapi.

Fundi akakaa chini karibu naye.

"Itarudi," alisema.

"Nini?"

"Njano. Dawa haiiondoi moja kwa moja. Plastiki ikikaa huanza tena yenyewe, kidogo kidogo."

"Lini?"

"Mpaka ifike ilipokuwa? Miaka kumi. Labda kumi na tano."

"Ikiwekwa wapi?"

"Dirishani inawahi."

Mdogo wangu akafuta pua.

"Dirisha la nani?"

"Eh?"

"Nimeuliza dirisha la nani, Fundi. Maana nataka kuiona inavyobadilika kila asubuhi, na siwezi kupanda gari miaka kumi na tano kuja kutazama plastiki."

Fundi akanitazama kuomba msaada. Nikakagua kucha zangu.

"Letu," alisema.

"Sijasikia."

"Dirisha letu. Nataka tuoane. Nilitaka kukuambia tangu ile siku ya nne, ulipoingia hapa na karatasi zako za ushahidi. Kila siku nasema kesho. Nakupenda, na mimi ni mjinga."

"Yote mawili nilikuwa nayajua," alisema mdogo wangu. Akauchukua ule mkono uliobabuka, akaushika kwa nguvu. "Inauma?"

"Sana."

"Vizuri."

Hakuuachia.

Nikampigia mama.

"Mama, amesema!"

"Nani amesema nini?"

"Fundi! Kasema letu!"

"Letu nini?"

"Dirisha!"

"Mwanangu, umekula leo?"

Ijumaa mpiga picha alikuja. Kwa bahati kibodi ya ile kompyuta ilikuwa haijaguswa na dawa, bado njano yake ile ile, na sabuni ikapigwa picha juu ya vitufe vyake. Kampuni ikafurahi kuliko ilivyotegemea. Nami nikalipia rola na kuomba radhi, nikaambiwa nikae chini ya draya upya, mara hii bila simu.

Miezi mitatu baadaye walioana. Siku ya kuhamia nilikwenda kusaidia, nikakuta kitanda bado kiko kwenye gari, masufuria yametapakaa mlangoni, lakini kompyuta imeshakaa dirishani, jua linaipiga, nyeupe kama karatasi. Mdogo wangu na mumewe wamesimama mbele yake, bega kwa bega, wakiitazama kana kwamba ingebadilika saa hiyo hiyo.

"Na ikichelewa je, shemeji?" nilimtania. "Ikipita hiyo miaka kumi na tano haijabadilika?"

Yule bwana wa maneno machache hakunigeukia hata kidogo.

"Ichelewe tu," alisema.