Kishimo cha Shavu la Kulia

Siku hiyo stesheni ya Kigoma haikuwa na pa kuweka mguu. Gari moshi la kutoka Dar es Salaam lilikuwa limeingia, wapagazi wanapigiana kelele, magunia ya dagaa yanasubiri kupakiwa. Katikati ya vurugu hiyo Amuri, shati lake la kaki limenyooshwa pasi mpaka linang'aa, alikuwa ameinamia kamera yake ya macho mawili iliyoning'inia kifuani. Ghafla ndani ya kioo akaingia msichana mwenye gauni la kitenge la rangi ya embe bivu. Akatabasamu, na shavuni pakabonyea kishimo.

"Ndugu mpiga picha, mbona unaniinamia? Umeniamkia au umedondosha kitu?"

"Kamera hii hutazamwa kwa juu, bibie. Haimkodolei mtu macho."

"Basi ina adabu kuliko vijana wengi wa mji huu."

Na alisema kweli. Akina mama wa Ujiji, ambao kwingine walijifunika ushungi mara tu waonapo kamera, kwa Amuri walikaa wakatulia, kwa kuwa yule kijana aliinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza wakubwa wake. Picha zake zilikuwa na utulivu ambao hakuna studio nyingine iliyoupata. Mwenyewe hakujisifu, lakini mji mzima ulijua.

Msichana yule aliitwa Mwanvua, mkazi wa Katubuka, mwunganishaji wa simu pale posta. Jumapili iliyofuata alikuja studio ya Amuri kule Ujiji na mwenzake wa kazini, Stephania, ili asije peke yake watu wakasema. Amuri akamkalisha kitini, akainama, akatazama. Akatazama tena. Hakupiga.

"Mwanga haujakaa vizuri," alisema. "Njoo Jumapili ijayo."

Jumapili iliyofuata mwanga ukakataa tena, na nyingine baada yake. Ukweli ni kwamba ndani ya kamera ilibaki picha moja tu. Filamu pana za kamera ile zilikuwa zimeadimika madukani, na Amuri aliona akishaibonyeza ile ya mwisho, Mwanvua hatakuwa na sababu ya kurudi. Alikuwa amempenda, na hakuwa na njia nyingine ya kumweka karibu.

Wakati huo rafiki yake Bonifasi, mpiga picha mwenzake, alikuwa anahamia Tabora, ambako filamu pana bado zilipatikana. Yeye alikuwa na kamera ya kuweka jichoni, nyepesi, yenye lenzi tatu za kubadilisha, na filamu zake nyembamba ziliuzwa hata Kigoma.

"Tubadilishane," Bonifasi alimwambia. "Mimi naondoka Alhamisi. Utakula nini na kamera isiyo na filamu?"

"Na mama zangu wa Ujiji? Nikiwaelekezea hiyo usoni watakimbia."

"Wewe amua, bwana. Gari moshi halimngoji mtu."

Kichwa kikamuuma Amuri. Akaona bora asikie sauti ya Mwanvua. Akaingia duka la jirani yake, mzee Mwinshehe, akazungusha mkono wa simu.

"Kigoma. Namba tafadhali."

"Niunganishe na shavu la kushoto, mpenzi. Lile lenye kishimo."

"La kushoto?"

"Hilohilo. Nalitazama kila Jumapili mpaka naliota."

"Stephania leo hayupo," Mwanvua akasema, na simu ikakatika.

Alipopiga tena aliambiwa laini ina kazi. Kila alipopiga, laini ina kazi. Amuri hakuelewa amekosa nini, na usingizi ukamkimbia.

Jumatano akaazima kamera ya Bonifasi, aijaribu kabla ya kuamua. Miguu ikampeleka posta yenyewe. Akasimama nje ya dirisha, akaiweka jichoni, na kwa mara ya kwanza akamwona Mwanvua bila kuinama. Stephania alikuwa amemchekesha. Wote wawili wanacheka mbele ya nyaya zao. Kishimo cha Stephania kilikuwa shavu la kushoto. Cha Mwanvua kilikuwa la kulia.

Amuri akashusha kamera, akatazama kwa macho yake. La kulia. Jumapili zote zile alikuwa hajainua kichwa hata mara moja, na kioo cha kamera yake hugeuza kila kitu, kulia kuwa kushoto. Aibu ikamshika mpaka masikioni.

Alimsubiri mpaka alipotoka kazini na Stephania.

"Sina la kuzungumza nawe. Mtafute mwenye shavu lake," Mwanvua alisema bila kusimama.

"Njoo studio mara moja tu. Mje wote wawili. Usiponielewa, usiniunganishe tena mpaka nife."

Walikuja jioni ileile. Safari hii Amuri akakaa yeye kitini, Mwanvua akainamia kamera. Amuri akagusa shavu lake.

"Nimeshika lipi?"

"La kushoto."

"Inua kichwa."

Mwanvua akainua. Mkono ulikuwa shavu la kulia. Akainama tena, akainua tena, kisha akacheka mpaka akashika kiti. Stephania naye, aliyekuwa kwenye benchi, akajifunika uso kwa kanga.

"Kumbe muda wote huo hukuwahi kunitazama?"

"Niliogopa. Hata picha yako niliogopa kuipiga. Imebaki moja tu, nikaona ikiisha nawe umeondoka."

Hasira ya Mwanvua ilikuwa imeisha, na machozi yalikuwa karibu.

"Amuri, mpe Bonifasi hii, uchukue yake. Ukae na kazi."

"Na wanaoogopa kutazamwa?"

"Nitasimama ubavuni pako. Watanitazama mimi, hawataiona kamera."

"Kila siku?"

"Ulidhani nakuja kusaidia Jumapili tu?" Akaenda akakaa kitini, akaweka kilemba chake cha kitenge sawa. "Haya, piga hiyo ya mwisho. Lakini usiiname, mpenzi. Nitazame mimi."

Amuri akainua kichwa. Akamtazama, akabonyeza bila kujua kioo kinaonyesha nini.

Picha ilitoka imeinama upande, na nusu ya kilemba imekatwa. Ndiyo iliyotundikwa sebuleni kwao walipooana, na kila mgeni akiuliza kwa nini fundi stadi kama Amuri alimpiga mkewe picha mbovu namna ile, Mwanvua hugeuza shavu la kulia, akacheka.