Zege la Siku Tisa

Jumamosi tarehe kumi na nne, saa nne na robo asubuhi, ndipo kila kitu kilipoharibika. Dari ya zege ya banda la kufulia, walilojenga wanafunzi wa chuo kikuu, ilishuka yote kwa mkupuo. Chini yake alikuwapo mtu mmoja, mama dobi, mke wa mlinzi wa zahanati ya jirani. Wageni rasmi walikuwa bado wanafunga tai.

Wiki sita kabla, watu wawili walikutana katika duka la vifaa vya ujenzi, katikati ya kusukumana na kelele. Binti alivaa fulana mpya ya programu ya uongozi, mgongoni imeandikwa KIONGOZI HUTUMIKIA. Fundi suruali yake ilikuwa imekakamaa kwa saruji.

"Dada, unashika nondo kama umeshika nyoka."

"Basi nishikie wewe, mganga wa nyoka."

"Za nini?"

"Tunajenga banda. Saa arobaini za kuhudumia jamii, ndipo tupate cheti."

"Na jamii yenyewe itapata nini?"

Binti alicheka mpaka muuza duka akageuka. Akamchukua fundi awasimamie, na simu zikaanza.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula vumbi. Wewe?"

"Nakungoja wewe uninawishe."

Siku zege lilipomwagwa, fundi alikuwa anaondoka kwenda kazi nyingine. Akapiga kofi miti iliyoshikilia dari. "Mirunda hii isiguswe mpaka siku ya ishirini na moja. Hata aje nani."

"Nimesikia, bosi wangu."

"Rudia."

"Ishirini na moja, king'ang'anizi wee!"

Siku ya tisa, asubuhi ya uzinduzi, wakati binti ametumwa kufuata viti, mratibu wa programu alitazama mirunda akasema inaharibu picha. Wanafunzi wakaing'oa.

Kamati ya chuo, watu wa viti vya kuzunguka ambao hawajawahi kubeba karai, ikaandika kwamba fundi hakutoa maelekezo. Fundi alipiga simu mara moja tu.

"Habari ya mirunda, uliwaambia au hukuwaambia?"

Mratibu alikuwa amekwisha kumwonya binti: neno moja tu, na mwaka wako wa mwisho umekwenda na maji. Binti akabaki anapumua kwenye simu. Fundi akaikata, kwake hilo lilikuwa jibu.

Miezi mitatu ikapita. Darasani, katikati ya maneno ya mhadhiri, binti alisikia nguo mbichi ikipigwa jiweni: pwa, pwa. Aligeuka, wenzake walikuwa wanaandika. Fundi, ambaye sasa watu walimwita kuvunja tu, si kujenga, aliisikia ileile kati ya nyundo na nyundo. Na mlinzi alikwenda zamu na sare aliyoifua mwenyewe, kola haijatakata.

Asubuhi moja binti alimfuata fundi kwenye kifusi, fulana ile hana tena, kanga mabegani, daftari mkononi.

"Umefuata nini?"

"Soma kwanza."

Wakati wa ujenzi kila mwanafunzi aliandika tafakari yake ya wiki, mratibu akakusanya, akasahihisha na kurudisha. Ukurasa ulisema: *Fundi wetu ameagiza mirunda isiguswe siku ishirini na moja.* Pembeni, kwa wino mwekundu: *Vizuri sana.* Sahihi ya mratibu. Tarehe kumi na mbili, siku mbili kabla ya dari kushuka.

Fundi aliketi juu ya tofali. "Kumbe ulisema."

"Nilisema. Kisha nikanyamaza, na kunyamaza kwenyewe ndiko kunakonila."

"Watakufukuza chuo."

"Wanifukuze. Ukinifukuza wewe ndipo sina pa kwenda."

Fundi alimfuta vumbi shavuni, kwa mkono wake mchafu akamwongezea. "Utakubali kuolewa na mvunja kuta?"

"Nitakubali. Ila twende kwanza kwa mwenye msiba."

Waliingia kwenye kamati watatu. Mlinzi, ambaye tangu amzike mkewe hakuitwa hata siku moja, alifungua daftari mezani, akaweka kidole chake kinene juu ya wino. Mratibu alijimiminia maji. Mlinzi akauliza:

"Mimi shule yangu ndogo, wakubwa, nisaidieni. Huyu aliyeandika hapa 'vizuri sana', alisoma, au hakusoma?"